Mili tano kwa ajili ya shule: kodi ya majengo Marekani na namna ya kuisoma

Mpiga kura wa jimbo la Ohio, akishamaliza majina ya wagombea, mara nyingi hukutana na swali moja refu chini ya karatasi ya kura. Kwa lugha nzito ya kisheria, swali linaeleza kwamba wilaya ya shule inaomba kutoza kodi isiyozidi mili kadhaa (kipimo cha kodi tutakachokieleza hivi punde) kwa kila dola moja ya thamani ya mali inayotozwa kodi, ambayo ni sawa na dola kadhaa kwa kila dola 100,000 za thamani iliyokadiriwa na mkaguzi wa kaunti, kwa miaka kadhaa au bila kikomo. Kisha kuna nafasi mbili za kutia alama: ninaiunga mkono kodi hii, au ninaipinga. Mtu ana dakika mbili, na nyuma yake foleni inasubiri.

Kwa msomaji aliyezoea kuona mishahara ya walimu ikitoka hazina ya serikali kuu, jambo hili ni geni. Marekani ina wilaya za shule zaidi ya 13,000, na nyingi kati ya hizo zina bodi yake iliyochaguliwa na wananchi, bajeti yake, na uwezo wa kisheria wa kuomba fedha kwa wenye majumba na viwanja wa eneo lake. Serikali ya shirikisho huchangia takriban dola moja katika kila kumi. Zilizobaki hugawana serikali ya jimbo na wenyeji, karibu nusu kwa nusu ukichukua nchi nzima, ingawa jimbo na jimbo hutofautiana sana. Hawaii ina wilaya moja tu kwa jimbo zima, na shule zake hazitegemei kodi ya majengo. Lakini kwingi, ukisikia kwamba shule zinategemea "fedha za wenyeji", jua kwamba sehemu kubwa kabisa ya fedha hizo ni kodi ya majengo na ardhi.

Tuanze na hesabu, maana watu wengi hupotelea hapo hapo mwanzoni. Mili ni sehemu moja ya elfu. Mili moja maana yake ni dola moja kwa kila dola 1,000 za thamani inayotozwa kodi, na maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo yanayobeba mzigo wote. Mwenye nyumba ya dola 200,000 akisikia "mili tano", huzidisha harakaharaka, akapata dola 1,000 kwa mwaka, akashtuka. Kumbe Ohio haitozi kodi juu ya thamani yote. Hutoza juu ya asilimia 35 tu ya thamani iliyokadiriwa. Nyumba ya dola 200,000 kwa ajili ya kodi inahesabiwa kuwa ya dola 70,000. Mili tano za hapo ni dola 350 kwa mwaka, yaani kama dola 29 kwa mwezi. Hizo bado ni fedha, na kwa kaya nyingine ni fedha nyingi, lakini ziko mbali na ile elfu moja iliyomshtua mtu. Majimbo mengine yana asilimia zao na kanuni zao za kukadiria, kwa hiyo mili tano za jimbo moja si mili tano za jimbo jingine, na anayelinganisha viwango kavukavu kutoka jimbo hadi jimbo hujidanganya bure.

Kwa nini nyumba, na si mshahara au bidhaa za dukani? Sababu moja ni ya kale. Mwaka 1647, koloni la Massachusetts lilipitisha sheria iliyoutaka kila mji wenye kaya 50 kuweka mwalimu wa kuwafundisha watoto kusoma na kuandika, na mji wenye kaya 100 kuanzisha shule ya kuwaandaa vijana kwa chuo. Mzigo ukaachiwa mji wenyewe, na desturi hiyo ya kila mji kubeba shule yake haijawahi kung'oka kabisa. Sababu ya pili inaeleweka zaidi kwa mhasibu: nyumba haikimbii. Mfanyabiashara anaweza kuhamisha faida yake na mfanyakazi anaweza kupoteza kazi, lakini nyumba iko palepale ilipojengwa. Uchumi ukiyumba, kodi ya mauzo na kodi ya mapato hushuka kwa kasi, ilhali kodi ya majengo husogea polepole. Shule, ambazo hulipa walimu kila mwezi, mvua inyeshe jua liwake, zinahitaji mapato ya namna hiyo. Mtu anayeipinga kodi hii bila kukiri fadhila hii hajaitendea haki.

Ubaya wake unaonekana ukiacha kutazama kiwango cha kodi na kutazama kile kinachotozwa. Mfano ulio wazi kuliko yote uko Texas, katika jiji la San Antonio, na namba zake zimehifadhiwa katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani.

Mwezi Mei 1968, wanafunzi wa shule ya sekondari ya Edgewood, mtaa wa watu wenye asili ya Mexico, walitoka madarasani na kuandamana wakidai walimu wenye sifa na majengo yanayofaa. Wazazi wao wakafuata. Mmoja wao, Demetrio Rodriguez, ndiye ambaye jina lake lilibaki kwenye kesi waliyoifungua kupinga mfumo wa fedha za shule. Katika mwaka wa masomo wa 1967 hadi 1968, mali yote inayotozwa kodi katika wilaya ya Edgewood, ukiigawa kwa idadi ya wanafunzi, ilikuwa na thamani ya dola 5,960 kwa kila mtoto. Ndani ya jiji hilo hilo kulikuwa na wilaya ya Alamo Heights, ambako hesabu hiyo hiyo ilizidi dola 49,000 kwa kila mtoto. Watu wa Edgewood walijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani, kiwango cha juu kuliko wilaya zote za eneo la jiji. Watu wa Alamo Heights walijitoza senti 85. Baada ya kila wilaya kutoa mchango wake wa lazima katika mpango wa jimbo, Edgewood ilibaki na dola 26 za kumsomeshea mtoto mmoja. Alamo Heights ilibaki na dola 333.

Soma tena namba hizo taratibu. Waliojikamua zaidi ndio waliopata kidogo. Kuna wanaosema kwamba wilaya maskini zina shule mbovu kwa sababu wazazi wake hawajali elimu, na namba za Edgewood zinawajibu. Kila senti moja waliyoongeza kwenye dola 100 ilileta kama senti 60 kwa mtoto. Senti hiyo hiyo moja ikiongezwa Alamo Heights ilileta dola 4.90. Kwa msingi wa namna hiyo, Edgewood wangeweza kupandisha kodi mpaka watu wauze nyumba zao na bado wasiwafikie jirani.

Hata baada ya jimbo na serikali ya shirikisho kuongeza fedha zao, mtoto wa Edgewood aligharamiwa kwa dola 356 na wa Alamo Heights kwa dola 594. Mwezi Machi 1973, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba hali hiyo haivunji katiba ya nchi. Jaji Lewis Powell, aliyeandika hukumu ya walio wengi, alishikilia kwamba katiba ya shirikisho haitaji elimu kuwa haki ya msingi, na kwamba kuwaachia wenyeji mamlaka juu ya shule zao ni lengo halali la jimbo. Jaji Thurgood Marshall alipinga kwa maandishi marefu. Kwangu mimi, hoja ya Powell kuhusu mamlaka ya wenyeji haisimami mbele ya ile senti moja. Mamlaka ya kuamua kiwango cha kodi yana maana gani ikiwa kila unachoamua kinakuletea senti 60?

Mlango wa mahakama za shirikisho ukawa umefungwa, na watu wakahamia mahakama za majimbo, kwa sababu katiba za majimbo, tofauti na ya taifa, huzungumzia elimu waziwazi. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Texas, majaji wote kwa kauli moja, iliamua kwamba mfumo wa fedha za shule unavunja katiba ya jimbo, na safari hii mlalamikaji alikuwa wilaya ya Edgewood yenyewe. Mwaka 1993 Texas ikapitisha utaratibu wa kuzichukua baadhi ya fedha za kodi katika wilaya zenye mali nyingi na kuzipeleka kwenye mfumo wa jimbo. Umesaidia kupunguza pengo, na umeleta ugomvi wake. Wilaya ya Austin, yenye maelfu ya watoto kutoka familia za kipato kidogo, imekuwa ikitoa fedha nyingi kuliko nyingine yoyote kwa sababu majengo na ardhi ya jiji hilo vimepanda bei mno. Hapo unaona kwamba "wilaya tajiri" kwa macho ya sheria hii ni wilaya yenye majengo ya bei, hata kama wazazi wa watoto walioko madarasani wanaishi kwa kupanga na kubana matumizi.

Ohio nako mwaka 1997 mahakama ya jimbo ilisema mfumo unaoegemea mno kodi ya majengo haukidhi katiba. Katika hukumu ile kuna maelezo ya vumbi la makaa ya mawe lililokuwa likitua juu ya madawati ya watoto usiku kucha, na ya wanafunzi wa bendi waliofanyia mazoezi ndani ya stoo ya zamani ya makaa isiyopitisha hewa, hadi wakaumwa vichwa. Mahakama ilirudia msimamo wake mwaka 2000 na tena 2002, kisha ikajiondoa kwenye kesi. Wabunge wamekuwa wakirekebisha kanuni za mgawo tangu wakati huo, na swali la mili limeendelea kurudi kwenye karatasi ya kura.

Kurudi huko huwakera watu. Utasikia mtu akisema, "Si tuliwapa juzi tu? Zimekwenda wapi?" Ni swali la haki, na lina jibu ambalo wilaya nyingi hushindwa kulieleza vizuri. Mwaka 1976 Ohio ilipitisha sheria ya kuwalinda wenye nyumba dhidi ya kupanda kwa bei za majengo. Kodi iliyopigiwa kura, nyumba zikikadiriwa upya kwa thamani ya juu, kiwango chake halisi hushushwa ili kiasi kinachokusanywa kwa nyumba zilizokuwepo kibaki takriban kilekile. Kuna sakafu ambayo kiwango hakishuki chini yake, na kuna mili chache zisizoguswa na kanuni hiyo, lakini kwa wilaya ambazo hazijafika kwenye sakafu hiyo mambo ndivyo yalivyo: wapiga kura wakikubali kodi inayoleta dola milioni tatu kwa mwaka, miaka kumi baadaye bado inaleta kama milioni tatu. Wakati huo mishahara, bima za afya, mafuta ya mabasi na umeme vimepanda. Hakuna aliyeiba. Mapato yamesimama na gharama zinatembea, na njia iliyo wazi ya kuziba mwanya ni kurudi kwa wapiga kura. Ninasikitika kila ninaposikia mwalimu mkuu akituhumiwa ubadhirifu kwa jambo ambalo sheria ndiyo inalizalisha, kwa makusudi na mchana kweupe.

Kwa hiyo kabla ya kuhukumu, tazama neno lililotangulia kodi yenyewe kwenye swali. Ikiwa ni kuendeleza kodi iliyopo, kura ya ndiyo huiacha kodi inayokaribia kuisha iendelee, na kura ya hapana huondoa fedha ambazo shule tayari inazitumia. Ikiwa ni kodi ya ziada, bili yako itapanda. Watu hupiga kura ya hasira dhidi ya "nyongeza" ambayo haikuwa nyongeza, na matokeo yake huja kwa walimu kupunguzwa na basi kuacha kupita mtaani.

Tazama pia fedha zinaombwa kwa kazi gani. Kodi ya uendeshaji hulipa mishahara, vitabu na umeme. Hatifungani ni mkopo wa kujenga na kukarabati, unaolipwa kwa kodi ya majengo kwa miaka mingi. Jengo jipya likiwa linapanda huku walimu wakipunguzwa, wananchi huona kama wanachezewa, lakini fedha za hatifungani kisheria haziruhusiwi kulipa mishahara ya walimu. Na kizingiti cha kushinda hutofautiana. Jimbo la Washington tangu 2007 linakubali kodi ya uendeshaji kwa wingi wa kawaida wa kura, ila hatifungani lazima ipate asilimia 60. California ilikuwa ikidai theluthi mbili kwa hatifungani za shule hadi mwaka 2000, wapiga kura waliporuhusu asilimia 55 kwa masharti fulani. Chini ya kanuni ya theluthi mbili, wilaya inaweza kuungwa mkono na watu 65 katika kila 100 na bado ikarudi nyumbani mikono mitupu.

California inastahili kusimuliwa kidogo, kwa sababu huko hasira ya walipa kodi ilipindua meza nzima. Miaka ya 1970 bei za nyumba zilipanda kwa kasi na bili za kodi zikazifuata. Wastaafu waliokuwa wamemaliza kulipia nyumba zao waliona kodi ikipanda juu ya pensheni zisizopanda. Juni 1978 wapiga kura walipitisha Pendekezo la 13. Kodi ya jumla ya majengo ikafungwa kwa asilimia moja ya thamani, thamani ikarudishwa kwenye kiwango cha katikati ya muongo ule, na ikaruhusiwa kupanda kwa asilimia mbili tu kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Mapato ya kodi hiyo yalipungua zaidi ya nusu mara moja. Jimbo likalazimika kuwa mshika mfuko mkuu wa shule, na mamlaka ya wenyeji yakahamia mji mkuu wa jimbo pamoja na fedha. Hadi leo nyumba mbili zinazofanana, zilizopakana ukuta kwa ukuta, zinaweza kulipa kodi zilizopishana mara kadhaa, kwa sababu tu mmoja alinunua zamani na mwingine juzi.

Michigan walifika mahali pagumu zaidi. Machi 1993 wilaya ya Kalkaska, baada ya wapiga kura kukataa kodi, ilifunga shule zake wiki nyingi kabla ya mwaka wa masomo kuisha. Watoto walirudishwa nyumbani kwa sababu fedha zimekwisha, katika nchi tajiri kuliko zote. Miezi michache baadaye bunge la jimbo lilifuta kodi ya majengo kama chanzo cha kuendeshea shule kabla hata halijapata mbadala, na mwaka 1994 wapiga kura waliamua: kodi ya mauzo ipande kutoka asilimia 4 hadi 6, kodi ya majengo ya jimbo iwe mili 6, na nyumba anazoishi mwenyewe mwenye mali zisamehewe zile mili 18 za uendeshaji ambazo mali nyingine hulipa. Wilaya zilizokuwa nyuma kabisa zilipata nafuu ya kweli. Ujenzi wa majengo, hata hivyo, uliachwa juu ya mabega ya wenyeji, na huko pengo la kale liliendelea kuishi.

Malalamiko ya wazee ninayachukulia kwa uzito. Mjane mwenye nyumba iliyopanda bei hana fedha zaidi mfukoni. Utajiri wake uko kwenye matofali, na matofali hayalipi bili. Lakini dawa yake haiko katika kuwanyima watoto. Majimbo mengi yana msamaha kwa nyumba ya kuishi, na baadhi yana nafuu inayopimwa kwa kipato, ambapo kodi ikizidi sehemu fulani ya mapato ya kaya, jimbo hurudisha ziada. Wengi wanaostahili hawaombi, kwa kuwa fomu iko katika ofisi ambayo hawajawahi kuingia. Wapangaji nao husahaulika pande zote mbili. Hawapokei bili ya kodi ya majengo, ila mwenye nyumba huiweka ndani ya pango, angalau sehemu yake, na mali za makanisa, vyuo na hospitali zisizo za faida, ambazo kwa kawaida husamehewa, huuacha mzigo kwa waliobaki.

Na je, fedha zinasaidia kitu? Watafiti watatu, Jackson, Johnson na Persico, walifuatilia watoto waliosoma katika wilaya ambazo mahakama ziliamuru fedha ziongezwe. Mwaka 2016 walichapisha matokeo: matumizi kwa mwanafunzi yakipanda kwa asilimia 10 katika miaka yote 12 ya shule, mshahara wa mtoto huyo akiwa mtu mzima huwa juu kwa takriban asilimia 7, na manufaa ni makubwa zaidi kwa waliotoka familia za kipato kidogo.

Mikutano ya bodi za shule iko wazi kwa umma, na kabla ya kura bodi hutaja mili itakazoomba na kiasi kitakachokusanywa. Anayetaka kulielewa pendekezo la kwao aingie humo na swali moja la hesabu: mili moja hapa inaleta dola ngapi kwa mwanafunzi mmoja? Mhasibu wa wilaya analo jibu, au anaweza kulipata kwa dakika chache kwa kugawanya. Kisha aulize hivyo hivyo kuhusu wilaya iliyo ng'ambo ya barabara.